Televizyo ikizimwa, mtoto anabaki na nani?



Tuliahidi kuandika juu ya sombe na namna ya kuihifadhi, lakini mtatusamehe, sombe itangoja. Katika mkutano wetu wa Alhamisi kulitokea neno ambalo wengi wenu mlilisikia nusu nusu sokoni, na afadhali mlisome hapa lote.

Mama mmoja wa likelemba yetu alisimama akaomba apewe zamu yake mbele ya wakati. Tulifikiri ni ugonjwa. Kumbe ni juu ya binti yake. Binti yuko mwaka wa sita wa sekondari, anaimba katika korali, na kila mtu anayepita njia ya Isiro Jumapili asubuhi anaijua sauti yake hata kama hajui uso. Mtu fulani alimwandikia kwenye simu kwamba kuna mashindano ya kuimba ya televizyo kule Kinshasa, kwamba sauti yake imependwa, na kwamba atume dola 80 za kuandikishwa kabla ya Ijumaa. Akizituma, ataambiwa siku ya kupanda ndege Kisangani. Dola 80 hizo mama hakuwa nazo, isipokuwa akusanye zamu yake pamoja na feza aliyoweka kidogo kidogo kwa ajili ya mtihani wa Serikali.

Mkutano uligawanyika. Wengine walisema Mungu amefungua mlango, na sisi ni nani tuufunge? Wengine walisema kuimba si kazi. Hapo tukainamisha kichwa, maana neno hilo lilikuwa letu. Mwaka jana binti huyo alichelewa kalasi akitoka kwenye mazoezi, na tulimwambia mbele ya wenzake wote kwamba kuimba hakumpi mtu diploma wala chakula. Kalasi ilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile hajatuambia lolote juu ya nyimbo zake, na habari hii ya Kinshasa hakutuletea sisi. Alimpelekea mtu wa simu.

Kwa hiyo usiku ule tulikaa na swali moja: wale walioimba kweli kwenye televizyo, ilikuwaje kwao kisha mashindano kwisha?

Tuanze karibu, Goma. Innoss'B mnamjua, au watoto wenu wanamjua kwa niaba yenu. Jina lake la nyumbani ni Innocent Didace Balume, amezaliwa Goma mwaka 1997. Alikuwa hajafika miaka 5 wakati volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto mpaka katikati ya mji, Januari 2002. Katika mji huo kaka zake walikuwa na kikundi cha muziki, Maisha Soul, na yeye aliingia humo akiwa angali mdogo sana. Soul kwa Kiingereza ni roho. Ni muziki wa watu weusi wa Marekani, uliotoka kwenye nyimbo za makanisa yao: Aretha Franklin, ambaye wengi wanamwita malkia wake, alianza kuimba katika kanisa la baba yake mchungaji, mji wa Detroit. Tunaandika hili kwa ajili ya dada mmoja aliyesema Alhamisi kwamba huo ni muziki wa wapagani. Dada, umezaliwa kwenye benchi kama lile unalokalia Jumapili.

Mwaka 2010 kulikuwa na mashindano ya Vodacom Superstar katika nchi yetu, na mlezi wake alikuwa Akon, mwimbaji wa Marekani ambaye baba yake ni mpiga ngoma wa Senegal. Mtoto wa Goma aliingia, akaimba, akacheza kama Michael Jackson, akashinda. Alikuwa na miaka 13. Mnaweza kufikiri vile nyumba nyingi za Kivu zilivyosema usiku ule: huyu mtoto ameokoka, umasikini umekwisha.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Wimbo uliompeleka mbali kupita mipaka yetu ni Yo Pe, na ulisikika kila mahali mwaka 2019, alipourudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Video yake imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Toka 2010 mpaka 2019 ni miaka 9. Mtoto aliyezaliwa usiku wa ule ushindi, Yo Pe ilimkuta tayari anajua kusoma na kuandika.

Miaka 9 hiyo ndiyo tuliyoiwazia zaidi, kwa sababu mashindano hayaionyeshi. Mama yeyote mwenye kijana wa kiume anajua kinachokuja kisha miaka 13: sauti inavunjika, miguu inakuwa mirefu, uso unatoka chunusi. Watu waliompenda mtoto mdogo anayecheza kama Michael Jackson si lazima wampende kijana mrefu anayetafuta sauti yake. Inambidi aanze upya, na safari hii bila kamera. Huyu alipiga ngoma, alicheza, alitunga, akatafuta namna yake mwenyewe ya kuimba, ambayo yeye anaiita Afro Congo. Na hatusahau kwamba hakuokotwa njiani na mtu wa simu. Alipofika mbele ya Akon alikuwa ametoka mikononi mwa kaka zake, ambao walimsikia akikosea mara mia kabla ya taifa kumsikia akipatia.

Wa pili hatakuwa mbali pia. Wale wa Aru wanaovuka kwenda Arua wanajua jina la Jackie Chandiru, binti wa upande ule wa Uganda. Mwaka 2004 mashindano ya Coca-Cola Popstars yalichagua wasichana watatu Kampala, yeye pamoja na Cinderella Sanyu na Lilian Mbabazi, wakawa kikundi kinachoitwa Blu*3. Walipendwa sana. Mwaka 2008 Cinderella, wanayemwita Cindy, alitoka, na mwisho kila mmoja alishika njia yake. Cindy leo ni jina kubwa Uganda. Lilian ana sauti ya pole, ile ya soul hasa, anaimba na bendi ya vyombo vya kweli. Jackie alipita katika shimo, na yeye mwenyewe alilieleza hadharani: sindano za kutuliza maumivu zilimshika, hakuweza kuziacha. Alitibiwa, akarudi kuimba. Tulimheshimu zaidi kwa kulisema kuliko kwa nyimbo zake zote. Wasichana watatu, jukwaa moja, siku moja, na tazameni njia zilivyoachana.

Lakini aliyetunyima usingizi ni wa mbali.

Fantasia Barrino ni wa Marekani, mji wa High Point, jimbo la North Carolina. Alikulia kanisani, akiimba na jamaa yake. Aliacha masomo mapema, na alipokuwa na miaka 17 alizaa mtoto wa kike. Mwaka 2004 aliingia American Idol, mashindano makubwa kuliko yote ya kule, na akashinda, akiwa na miaka 19 na mtoto nyumbani. Feza, sahani, magazeti, vyote vilikuja. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya maisha yake, na humo akafungua siri: hakujua kusoma vizuri. Karatasi walizomletea, kontra za muziki, alizitia sahihi bila kuelewa kilichoandikwa. Waimbaji wote wa nchi walimwonea wivu, na yeye alikuwa anaogopa karatasi.

Sisi tunaofundisha tulisoma hayo mara mbili. Kwa sababu tunawajua Fantasia wetu. Wako kwenye machimbo ya zahabu, wengine wanauza chakula kwa wachimbaji, wana miaka 15, 16, wamebeba mtoto mgongoni, na akili waliyo nayo tuliiona kalasini kabla hawajatoka. Hakuna aliyewauliza kama wanaimba.

Fantasia alisema kilichomsukuma kurudi kwenye herufi ni binti yake: alitaka kumsomea vitabu. Mwaka 2007 aliitwa New York kucheza na kuimba katika mchezo The Color Purple, nafasi ya Celie, mwanamke aliyeteswa ambaye mdogo wake ndiye anayemfundisha kusoma. Hebu muwaze ni nani aliyepewa nafasi hiyo. Mwaka 2011 alipata tuzo ya Grammy, na mwaka 2023 alimrudia Celie katika sinema. Hiyo ni karibu miaka 20 kisha usiku wa ushindi, na bado anaimba. Na kwa wale wanaosema asiyeshinda amekwisha: katika mashindano yale yale ya 2004 alikuwamo Jennifer Hudson, ambaye alitolewa akiwa wa saba. Mwaka 2007 yeye ndiye alipewa Oscar.

Haya yote tuliyasema kwa mama na binti Ijumaa asubuhi, tumekaa kwenye vibao nyuma ya nyumba, mama akiendelea kutwanga maana wageni hawazuii njaa. Koko mmoja wa likelemba alikuwapo. Hajui kusoma, lakini ndiye aliyeuliza swali lililopita yote: «Karatasi yao iko wapi?»

Binti alisema hakuna karatasi, ni sauti tu kwenye simu. Basi tukamwomba aandike yeye mwenyewe, kwa maneno yake. Akauliza jina la televizyo na la kampuni. Akauliza kama kuna maandishi ya masharti ambayo mzazi anaweza kusoma na kutia sahihi. Akauliza kama mama anaweza kusafiri naye na watalala wapi, kwa kuwa njia zetu za leo si za kumwachia msichana peke yake. Na akauliza kwa nini feza inatoka kwake. Hili la mwisho tuliliongeza sisi. Vodacom ni kampuni ya simu, Coca-Cola inauza soda. Waliweka mashindano ili majina yao yasikike, na faida wakaitafuta huko. Mtu anayetafuta faida kwa mtoto wako kabla hajaimba hata neno moja, huyo biashara yake ni nyingine.

Jibu lilikuja kwa sauti, mara mbili. La kwanza lilikuwa tamu sana. La pili lilikuwa la kugomba: wasichana wengine 200 wanangoja, na wewe unaleta maswali ya wazee. Jioni picha yake ikatoka kwenye simu, na namba haipokei tena.

Feza ya mtihani iko kwenye sanduku. Wamama walipiga vigelegele, na huenda tulikosea hapo, kwa sababu binti alikuwa analia. Alitutazama akasema: «Mwalimu, mnafurahi. Lakini kama si yule, ni nani basi?»

Hatukuwa na jibu. Hapa Niania barabara tatu zinakutana, moja ya Kisangani, moja ya Isiro, moja ya Mambasa na Bunia, na hakuna hata moja inayofika moja kwa moja kwenye jukwaa. Yule wa Goma alikuwa na kaka zake. Huyu ana korali inayomtaka Jumapili tu, mama anayechoka, na mwalimu aliyemchekesha mbele ya wenzake.

Jumatatu tuliomba msamaha kalasini, kwa sauti, mbele ya wale wale waliocheka. Aliangalia dirishani. Hatumlaumu, neno la mwaka mzima halitolewi kwa dakika moja. Lakini saa ya kwenda nyumbani alipita karibu na meza, akaacha daftari. Ndani kuna nyimbo kumi na moja, amezitunga mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha hapa, na makosa ya maandishi ambayo, tunaapa, hatukuyatia kalamu nyekundu.

Likelemba imekubaliana kwamba kila Jumamosi saa tisa, kisha masomo ya kujitayarisha kwa mtihani, kutakuwa na saa moja ya kuimba, si kwake peke yake, kwa binti au kijana yeyote mwenye nyimbo. Mama atakuwapo. Anayejua kupiga gitaa au ngoma aje, na kijana mmoja mwenye simu nzuri ametuahidi kurekodi. Wale wenye mabinti walioacha masomo, waleteni nao, hata wakiwa na mtoto mgongoni. Mtoto akilia tutampokezana.

Jumamosi hii ya kwanza ataimba yeye. Ametuma ujumbe kwa mama yake kwamba atakubali, ila hataki mwalimu akae mstari wa mbele. Tutakaa nyuma, karibu na mlango. Viti havitoshi, mwenye nacho alete.