Mpeni mgeni pedi, acheni kumcheka!

Haya wadau, leo nina dukuduku. Jana kwenye banda la gemu hapa nje ya chuo, dada mmoja wa mwaka wa kwanza kalipia mechi yake, kapewa pedi, halafu akapangiwa jamaa anayecheza tangu yuko primari. 7-0! Watu wakacheka mpaka machozi. Kaweka pedi chini, kaondoka. Nami nilicheka, ndo maana naandika.

Hivi jamani, sisi si ndo tunasomea ualimu? Kila siku tunaambiwa anza na jepesi uende kwenye gumu. Nani anatoa mtihani kabla ya somo? Gemu lenyewe lina sehemu ya mazoezi na ngazi ya wanaoanza, nyie mnairuka ya nini?

Mwonyesheni mgeni vitufe viwili tu. Kuanzia PS2 ya mwaka 2000 hadi PS5 ya 2020, X ni pasi. Kupiga golini ndo kuna mtego: Winning Eleven ni mraba, FIFA (siku hizi EA Sports FC) ni duara. Asipoambiwa, kila shuti linageuka krosi, mnamwita kilaza bure.

Mnasema "na sisi tulifungwa hivyo hivyo". Kwa hiyo? Na waliochapwa viboko wakawe walimu wa kuchapa?

Yule dada akirudi, mechi nalipa mimi. Na atakayecheka, namnyang'anya pedi. Alamsiki!