Ndoano ya saa mbili haimalizi samaki

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto munaowangojea ku nyumba, leo hatutaongea bei ya dhahabu. Ile munaijua kutushinda. Tunataka kuongea juu ya ndoano, ile ndoano moja ndogo ambayo mtu anafunga ku kamba ya nailo, kamba anaifunga ku mutete, anachukua kikopo cha minyoo na kwenda kukaa kando ya maji saa mbili tu, toka saa kumi mpaka jua linapopotea nyuma ya milima.

Wale wanaokaa Bijombo na vilima vingine vya Hauts Plateaux wanajua kama kule juu maji ni ya baridi, yanakimbia kwenye mawe, na samaki wa kujaza sufuria haonekani kirahisi. Mchimbaji anaposhuka chini kuuza, kununua chumvi na sabuni, ao kuona familia iliyokimbilia mjini juu ya vita, mara nyingi anabaki na siku moja ao mbili bila kazi. Atafanya nini? Kasiksi iko kila kona. Karata ziko. Na maji nayo yako: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge, mifereji ya mpunga kule Sange, Luberizi na Kiringye, mifereji ya miwa kule Kiliba, na Ruzizi yenyewe. Mama wengi wangechagua mume arudi jioni na ngege watatu ku kamba kuliko arudi na mifuko mitupu, na sisi tuko upande wao.

Lakini tunasikia maneno matatu juu ya watu wa ndoano. Ya kwanza, kwamba ni wavivu. Tuyaache hayo. Mtu aliyepiga nyundo ndani ya shimo juma nzima hapaswi kujieleza kwa yeyote akikaa chini masaa mawili. Ya pili, kwamba wanamaliza samaki. Ya tatu, kwamba wanapaswa kulipa. Haya mawili yanahitaji jibu.

Samaki wanapungua, hiyo hatukatai. Tanganyika ni ziwa la urefu wa kilometa karibu 670 na kina cha metre karibu 1470, lakini ukubwa huo unadanganya. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kama maji ya ziwa yanapata joto, na kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yameshuka kwa kadiri ya 30 kwa mia juu ya jambo hilo. Sababu si ngumu kuelewa. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini, na mbolea inayolisha vijimea vya maji iko kule chini. Vijimea vikikosa, vidudu vinavyovila vinakosa. Vidudu vikikosa, ndakala anakosa. Ndakala akikosa, mukeke anakosa. Pale Uvira kuna Centre de Recherche en Hydrobiologie, watu wanaopima maji haya tangu siku nyingi. Tungefurahi kama redio zetu zingewapa kipaza sauti mara nyingi kama zinavyowapa wanasiasa.

Juu ya joto hilo kuna mkono wa mtu. Kuna nyavu za kukokota toka pwani, zinazozoa kila kitu mpaka mayai. Kuna mustikere, ile tuliyopewa kwa ajili ya malaria, ambayo inavuta vitoto vya samaki vikubwa kama kucha. Kuna sumu ya majani, na siku hizi kuna hata dawa ya shamba, mtu anamwaga mferejini samaki wanaelea. Ukiweka hayo yote upande mmoja wa mizani, na upande wa pili ukaweka mtu mmoja na ndoano moja anayeondoka na samaki wanne, ni nani anamaliza ziwa? Ndoano iko na adabu yake: haiingii katika kinywa kidogo kuliko yenyewe. Ukifunga ndoano ya kadiri, vitoto vinadonoa chambo na kwenda zao.

Hata hivyo mtu wa ndoano naye ana ya kujifunza. Ngege jike anatunza mayai na watoto wake ndani ya kinywa. Siku hizo anakula kidogo sana, lakini kuna mara anakamatwa, na unapomtoa ku maji anatema vitoto kama mchele. Huyo umrudishe pole pole, pamoja na vitoto, ukiwa umelowesha mikono. Tunajua sufuria inangoja. Lakini samaki mmoja leo na samaki makumi kesho, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaifanya.

Ngege anataka bukari iliyokandwa ngumu, kipande kama punje ya mahindi, kando ya majani ambapo maji yametulia. Kambale ni kichwa kingine. Yeye anataka giza, tope, na kitu kinachonuka: mnyoo, utumbo wa kuku. Anaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi, ndiyo maana mfereji uliobaki na maji ya magoti bado una kambale wakati ngege wote wamekwisha kufa. Umshike nyuma ya kichwa. Miiba yake ya mapezi imepeleka vijana wengi ku santé. Na mferejini kuna sheria isiyoandikwa ambayo wakulima wa mpunga wako na haki ya kuidai: usikate ukingo. Kuna wanaotoboa mfereji ili maji yakauke, wanaokota kambale kwa mkono, wanaenda. Nyuma yao shamba la mama fulani linabaki kavu. Huo si uvuvi. Uombe ruhusa, ukae upande mmoja, uache mfereji kama ulivyoukuta.

Sasa tufike ku jambo ambalo wengi hawapendi kusikia, na ambalo linagusa nyumba ya mchimbaji kuliko nyumba ya mvuvi.

Munaosha mchanga, ile nzito inabaki ku karai, mtu anamimina merkire ikamate vumbi la dhahabu, anakamua, kisha anachoma. Sehemu inapanda ku hewa, na mtu anayechoma ndani ya nyumba, ku jiko lile lile la chakula, anawavutisha watoto wake sumu hiyo. Sehemu nyingine inabaki ku mchanga, na mchanga unarudi mtoni. Mto haulali, unashuka. Ndani ya tope, vijidudu visivyoonekana vinaibadilisha merkire kuwa aina mbaya zaidi, inayoingia katika nyama ya samaki na kukaa humo. Samaki mdogo anayekula vijimea anaibeba kidogo. Samaki anayekula wenzake anajumlisha ya wote aliowameza. Na wewe unayemla, unajumlisha ya kwako.

Haina harufu. Haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, pilipili hapana, ndimu hapana.

Kule Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga merkire ku bahari miaka mingi. Mwaka 1956 ndipo madaktari walitangaza ugonjwa. Waliopigwa kwanza walikuwa wavuvi na jamaa zao, watu waliokula samaki kila siku: mikono ikitetemeka, macho yakififia, ulimi ukikataa. Watoto walizaliwa wagonjwa hata pale ambapo mama hakuonekana na shida yoyote. Ndiyo maana mkataba wa dunia juu ya merkire, uliokubaliwa mwaka 2013, unaitwa jina la mji huo. Hatusemi kama mito yetu imefika pale. Tunasema njia ni ile ile: toka ku karai, ku tope, ku samaki, ku tumbo la mama.

Na hapa kuna jambo la kuumiza. Mtu mmoja anaweza kuwa ndiye anayemwaga kule juu siku ya tatu, na ndiye anayevua kule chini siku ya posho. Anakula kile alichotuma.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na hatuyaombi kwa serikali kwanza, tunayaomba kwenu. Merkire isioshwe mtoni. Mchimbe shimo mbali na maji, mchanga wa merkire ubaki humo. Kuchoma kufanywe nje, mbali na watoto, na kwa kile chombo cha chuma kilichofunikwa chenye mrija, kinachokamata moshi na kuurudisha kuwa merkire tena. PDG wa shimo anayelalamika kama chombo ni bei, afanye hesabu: merkire inayorudi haununui mara ya pili. Koperative zinaweza kununua kimoja kwa mashimo mengi, na watu wa SAEMAPE, ambao kazi yao ni kusindikiza wachimbaji, waonyeshe namna ya kukitumia. Mutoto asivue chini ya mahali pa kuoshea dhahabu, hata kama kambale wa pale ni wanene. Mama mwenye mimba achague ndakala na ngege, aache yule samaki mkubwa mla wenzake awe wa papa.

Mengine ya hatari tutayapita haraka, maana munayajua, lakini kila mwaka kuna mtu anayeyasahau. Mvua inaweza kunyesha kule Bijombo wakati Uvira jua linawaka, na mto unafika chini ukiwa mwingine kabisa. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ilibeba nyumba na watu. Hatuhitaji kukumbusha familia zilizolia. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani, toa kamba, panda juu, usingoje donoa la mwisho. Ku mdomo wa Ruzizi kuna viboko na mamba. Gustave, yule mamba aliyepewa jina la Kizungu, alijulikana dunia nzima juu ya watu waliosemekana kuliwa naye, lakini wale wasio na jina nao wako na meno. Kaa ku ukingo, usisimame ndani ya mfereji: bilharzia inaingia kwa ngozi ya mguu bila kubisha hodi. Na maji ya mto si ya kunywa, hata kiu ikuue. Kolera haijawahi kutuacha mbali hapa kwetu.

Inabaki ile ya kulipa, na ile ya kufunga.

Nchi nne zinazogawana ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana juu ya kufunga uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapumue. Tanzania ilifunga upande wake toka 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka 2024. Sisi tunaunga mkono kufunga, hata tukijua kama kunauma kwa mvuvi ambaye hana shamba wala shimo. Lakini mtu wa ndoano, yeye anawekwa wapi? Wengine watasema aachwe, anachukua kidogo. Sisi tunaona hivi: midomo ya mito na majani ya pwani ndiyo malezi, pale vitoto vinajificha. Miezi hiyo mitatu, mtu wa ndoano naye aache midomo ya mito na pwani, hata kama anachukua wawili tu. Haifai mvuvi wa pirogi afunge nyavu zake huku akitazama mwingine anatoa ngege mbele ya mlango wake. Aende ku mifereji. Kambale wa mfereji hana shida na mkataba wa ziwa, na mkulima akimruhusu, hakuna anayeumia.

Juu ya makuta, tutasema wazi. Mwenye pirogi, taa na nyavu anauza. Alipe kile sheria inasema, apewe karatasi. Mwenye mutete mmoja anakula. Kuna sehemu ambapo mtu anafika, anasimama nyuma ya kijana, anaomba "ya kinywaji" ao anakamata ndoano, bila karatasi, bila muhuri, bila jina. Mchimbaji huyu amekwisha kulipa vizuizi njia nzima toka shimo mpaka mjini. Kumngojea tena kando ya maji, juu ya kambale wawili, ni kumwambia kama hata mapumziko yake yana barrière. Kama kuna ada ya ndoano, itangazwe, ibandikwe ku mlango wa bureau ya kata, ijulikane ni franka ngapi na inaenda wapi. Kama haiko, wale wanaoiomba waambiwe waache, na machefu wa mitaa wasigeuze uso.

Tunaomba wenye mamlaka wa Uvira na machefu wa uwanda wa Ruzizi wakae pamoja na wavuvi, wakulima wa mpunga na koperative za wachimbaji, na watoe jibu moja lililoandikwa: wapi ndoano inaruhusiwa, miezi gani, na bila kulipa nani. Jibu hilo lisomwe ku redio kwa Kiswahili kabla ya 15 Mei, ili mtu anayeshuka toka Bijombo na mutete wake ajue ageukie upande gani.