Nora Alipobakizwa Nyumbani

Tarehe 21 Desemba 1879, jijini Copenhagen, tamthilia ya Henrik Ibsen, *Nyumba ya Mwanasesere*, ilioneshwa kwa mara ya kwanza. Nora anamwacha mumewe Torvald pamoja na watoto, anatoka, mlango unafungwa. Huko Ujerumani, mwaka 1880, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aliukataa mwisho huo: yeye asingewaacha wanawe kamwe. Ibsen, kwa shingo upande, akaandika mwingine, ambao mwenyewe aliuita unyama. Torvald anamlazimisha Nora kuwatazama watoto waliolala. Naye anaishiwa nguvu, anabaki.

Mimi hufungisha ndoa, wala sifurahii kuzivunja. Lakini mwisho huo sikubaliani nao. Torvald hakudaiwa toba yoyote, na pazia likashuka kana kwamba wamepatana.