Manete ya kinga ni yetu, transporti ni deni ya patroni

Jua halijatoka bado, na unaona watumikaji wa ekipe ya asubui wanapiga pedali kwenda kungojea bisi ya kampuni kwenye barabara kubwa. Wamoja wanatoka Kapata, wengine Kanina ao Musonoi. Kati yao kuko wenye kinga ndogo ya kukunja, ile ya okazioni. Ni akili: unaikunja, unapanda nayo ndani ya bisi, hakuna wa kukuibia, na falanga ya manseba wa moto inabakia nyumbani juu ya bukari ya watoto.

Lakini kinga hizo ziko na ugonjwa moja: manete ya vitesi. Kiangazi, vumbi ya makamyo inaingia ndani ya gene ya kabule. Wakati wa mvula ni matope. Kisha miezi kidogo unasukuma manete, shene inakwama katikati ya pinyo mbili, na mutu mwenye kutoka kazi ya usiku anashuka kusukuma kinga kwa miguu. Wengi wanakimbilia kununua manete mupya ya kupiga klik, ya bei kubwa. Mi nasema hapana.

Manete ya klik, ile Shimano ya Japani ilieneza tangu 1984, inavuta kabule kwa kipimo kimoja kila klik. Kabule ikilegea ao gene ikijaa vumbi, kipimo kinapotea. Na manete ya klik saba inaomba pinyo saba. Manete ya zamani isiyo na klik, ile unatafuta vitesi mwenyewe na kidole, haina mambo mengi: pinyo tano, sita, saba, yote inakubali. Badilisha kabule na gene pamoja, ni vitu vya bei kidogo. Lakini mbele ya kukata gene, kunja kinga kwanza uone: kama kabule inavutwa pale inapokunjika, itakatika upesi. Angalia pia deraiyeri isikuwe imepinda, juu gurudumu ni ndogo na deraiyeri iko karibu na mawe.

Sasa njo neno langu lenyewe. Mutumikaji mumoja aliniletea malalamiko. Aliuliza shefu wake falanga ya transporti, shefu akamujibu: "Si uko na kinga?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Kodi ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka falanga ya transporti mbali na mushahara. Ni ya kukufikisha kazini, haiko zawadi. Kinga uliyonunua na jasho yako, na manete uliyofunga na mikono yako, haiwezi kulipa deni ya mutu mwingine. Leo wanahesabu kinga, kesho watahesabu viatu.

Na kuko barabara. Februari 2019, kule Kabwe, kamyo ya asidi iligongana na bisi, watu wengi wakafa. Kama ndani ya bisi mutu anakufa, wa pedali atafanya nini? Tunaiita kinga, lakini mbele ya kamyo haikingi mutu.

Kwa hiyo, bandugu delege wa sendika, mukiingia kwenye mukutano na wakubwa, muombe vitu vitatu. Moja, transporti ilipwe kwa wote, mwenye kinga na asiye nayo. Mbili, bisi iache nafasi ya kinga iliyokunjwa, na isimame karibu na makao ya watu. Tatu, taa na jile ya kung'aa kwa kila mutu anayetembea gizani juu ya kazi.

Manete tutabadilisha sisi wenyewe. Transporti, walipe.