Kivuli Ambacho Hakikulipiwa

Mchoraji akifungua maonyesho nchini mwetu, swali la kwanza huwa limeshaandaliwa kabla hajafika: ulipata wapi msukumo, na picha hii ina maana gani kwako? Majibu nayo yamezoeleka. Atataja utoto wa kijijini, bibi aliyemsimulia hadithi, msiba, ndoto. Mwandishi wa habari ananukuu, mchoraji anapigwa picha mbele ya kazi yake, na kazi yenyewe inabaki ukutani ikisubiri mtu wa kuitazama. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya wachoraji, hasa wa upande wetu huu wa Songwe, na napenda kulifungua kwa kubishana na swali hilo. Maana binafsi ipo katika mchoro, wala sina shaka nayo, ila tunaitafuta pasipo pake. Mimi naiona zaidi katika yale maamuzi ambayo mchoraji ameyafanya bila kuagizwa na mtu, na mara nyingi kwa hasara yake mwenyewe.

Tuanzie Tunduma, mji ambao sijasikia ukisifiwa kwa sanaa. Malori ya kwenda na kutoka Zambia na Kongo yako kwenye foleni, wabadilisha fedha wameshika kwacha mkononi, na kila fremu ya duka inataka jina ukutani. Mwenye saluni ya kunyoa humwagiza mchoraji vitu viwili: maandishi, na kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri. Hivyo ndivyo anavyolipia. Sasa sogea karibu na herufi. Ni nyekundu, na nyuma ya kila moja kuna kivuli cheusi kilichoegemea kulia na kushuka chini kidogo, kana kwamba ukuta mzima una jua lake huko juu kushoto. Rangi ya mafuta haina haraka. Herufi isipokauka kwanza, nyekundu na nyeusi zitachafuana. Kwa hiyo kivuli maana yake ni kupanda ngazi mara ya pili, kumimina tina tena, kuosha brashi tena, na bei ni ileile waliyopatana asubuhi. Kichwani nako, ndani ya mboni ya yule kijana, kuna kidoa cheupe kisichozidi punje ya mchele. Mteja hakukiomba, na huenda hatakiona kamwe. Ukimuuliza mchoraji, atakujibu tu kwamba inapendeza. Jibu hilo halitoshi kujaza ukurasa wa gazeti, lakini kivuli kile kimeshasema mengi kuhusu anachokithamini.

Wapo watakaosema huo ni ufundi wa mtaani, na kwamba tunapozungumzia maana ya ndani tunazungumzia wasanii. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama mchoraji wetu anayejulikana kuliko wote duniani asingetoka katika mazingira ya namna hiyo hiyo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha vibarua vya kila aina Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya mbao za dari, na wanunuzi wake walikuwa hasa wageni waliokaa upande wa Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani gari alilokuwamo ni la majambazi, akafa baada ya kufanya kazi hiyo kwa miaka michache tu. Maneno aliyoacha kuhusu michoro yake ni haba mno. Pengo hilo wengine wakalijaza. Kuna wanaosema msukumo wake ulitoka katika nakshi za kuta za nyumba za Wamakua, watu wa upande wa mama yake, na kuna wanaosema alitazama picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam, akaona naye anaweza. Ubishi huo umeendelea kwa miongo kadhaa na una manufaa yake kwa wanahistoria. Kwa anayesimama mbele ya ubao wenyewe hausaidii sana, kwa sababu jibu lolote kati ya hayo mawili linaacha mchoro palepale ulipokuwa.

Mchoro wenyewe una ushahidi. Wageni walitaka wanyama, naye akawapa: chui, tembo, ndege. Hiyo ndiyo oda. Lakini katika mbao zake nyingi, za mraba wa kama sentimita 60 kila upande, mnyama mmoja amejaa karibu nafasi yote, na nyuma yake hakuna mbuga, hakuna mgunga, hakuna jua linalozama. Kuna rangi moja tupu. Mtu mwenye hesabu atadai kwamba huo ulikuwa umaskini: makopo machache, muda mchache. Umaskini unaeleza uchache wa rangi, sawa. Ila rangi ile moja imepakwa ubao mzima, na haikumpunguzia kopo hata moja kuliko ambavyo anga lingempunguzia. Halafu tazama kilichotokea baada yake, wafuasi walipoongezeka, wakaanzisha ushirika wao mwaka 1990, na soko la watalii likapanuka. Nyuma ya wanyama ikaingia milima, miti na makundi ya pundamilia hadi ubao ukafurika. Soko lilikuwa tayari kununua mandhari, na mandhari yakauzwa. Ule utupu wa mwanzo, basi, ulikuwa uamuzi wa mtu. Alimtoa chui mahali pake akamweka peke yake mbele yetu, na mimi naona humo zaidi ya ninavyoweza kuona katika habari yoyote ya utoto wa Tunduru.

Sam Ntiro wa Machame alipita njia tofauti kabisa: Makerere, kisha Slade School jijini London, na baadaye ubalozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Alifundishwa kanuni za Kizungu za umbo na umbali, naye akaendelea kuwachora Wachaga wakilima na kubeba pombe ya ndizi kwa maumbo bapa na sura zisizotofautiana. Ni rahisi kusema alivuviwa na nyumbani. Lakini kuchora maisha ya nyumbani ndiko mwalimu wake wa Makerere, Margaret Trowell, alikokuwa akiwahimiza wanafunzi wake. Asili, kwa maneno mengine, nayo ilikuwa oda. Kilicho chake Ntiro ni kule kukataa kuzipa sura zile tofauti, wakati uwezo wa kuzitofautisha alikuwa nao.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mchoraji yuko hai, ana ulimi, na ni kiburi kwa mhariri kujifanya anaijua kazi kuliko aliyeifanya. Nalikubali kwa sehemu, na mfano unaolitetea vizuri kuliko yote uko mbele ya barabara hii hii inayopita Tunduma. Huko Lubumbashi, katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia yote ya Zaire katika picha takribani 100, na akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha huko. Bila maelezo yale tungepoteza mengi. Ila kabla ya hapo Tshibumba alikuwa akizungusha picha mlango kwa mlango, akiuza zile ambazo watu walizitaka sebuleni. Mfululizo ule ulikamilika kwa sababu alitokea mnunuzi aliyempa nafasi, na maneno yake yana thamani kwa sababu kila mara yanafuata picha iliyopo mezani. Shahidi anasikilizwa vizuri akiwa na kielelezo mkononi.

Kwetu jambo hili lina haraka yake. Tangu mkoa wetu umegwe kutoka Mbeya mwaka 2016, tumekuwa tukitafuta alama za kujitambulisha, na mara nyingi tunaishia kwenye Kimondo cha Mbozi, kipande kile cha chuma cha tani 12 hivi, na buni. Sina ugomvi na kimondo. Tatizo ni kwamba kuta za Tunduma, Mlowo na Vwawa zinapakwa upya kwa rangi za kampuni za simu, na mabango ya kuchapishwa kwa mashine yanakuja na vivuli vyake tayari, ambavyo havikumgharimu mtu usingizi. Michoro ya mkono inafutika kabla haijasomwa na yeyote. Ndiyo maana tuliwaomba waandishi wa toleo hili waanze na ukuta au ubao: nini kiliagizwa, nini kililipiwa, na nini kiliongezwa. Wawili walilalamika kwamba hivyo makala zinakosa mvuto. Mahojiano yote, pamoja na habari za utoto, tumeyaweka mwisho wa kila makala, na anayeyataka atalazimika kupitia michoro kwanza.