Ukuta Haumlishi Mbwa



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, waamini wawili walinisimulia kisa huku wakicheka. Ndugu yao anayeishi katika mji mmoja mkubwa alikwenda kwenye kituo cha kuokoa mbwa waliotupwa, akaomba apewe mmoja. Akapewa fomu ndefu: nyumba ni ya nani, nani hushinda nyumbani, watoto wana umri gani. Mwisho akaambiwa hafai, kwa kuwa amepanga na ua wake hauna ukuta. “Baba Paroko, hata kuoa hakuna maswali hayo!” Nami nikacheka, ingawa yapo, na waliowahi kukaa ofisini kwangu kabla ya ndoa wanayajua.

Baadaye nikaona tulicheka mahali pasipostahili kicheko. Kuuliza si kosa. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua jijini London makao ya mbwa waliopotea, ambayo leo yanajulikana kwa jina la Battersea. Nairobi iko KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, ambacho nacho huwatafutia mbwa watu wa kuwachukua. Vituo vya namna hii huuliza kwa sababu mbwa aliyetupwa mara moja hutupwa tena kwa urahisi.

Hapa Ipogolo kituo ni sisi wenyewe. Mbwa anazaa nyuma ya jiko, na kila anyooshaye mkono anapewa mtoto wa mbwa, bila swali hata moja. Madume huondoka kwanza. Majike hubaki, hata siku moja mtu akawatia kwenye kiroba na kuwaacha kando ya barabara ya Mbeya, au kule chini mtoni Ruaha. Kisha tunashangaa mbwa wasio na mwenyewe wanatoka wapi.

Hao ndio wasiopata chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo. Duniani inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. (Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje.)

Basi ugomvi wangu na fomu ile ni juu ya ukuta. Katika kubariki nyumba nimepita mageti mengi. Nimeona ndani ya ukuta mrefu, wenye vipande vya chupa juu yake, mbwa aliyefungwa mnyororo tangu alipoletwa, sufuria yake ya maji imekauka. Nimeona pia bibi wa chumba kimoja ambaye mbwa wake humsindikiza shambani na kurudi naye, ana kadi ya chanjo iliyotunzwa pamoja na vyeti vya ubatizo vya wajukuu. Fomu ile ingempa wa kwanza na kumnyima wa pili. Huko ni kupima mfuko na kuuita huruma.

Wapo watakaosema, Padre, watu wana njaa, nawe unahubiri mbwa? Katekisimu, namba 2418, inakataza yote mawili: kuwatesa wanyama bila sababu, na kuwatumilia fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu ya watu. Lakini bakuli la maji halimnyang’anyi maskini kitu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya wenye mageti tu.

Mbwa wa parokia amezaa. Watoto ni watano, watatu majike. Wakishaacha kunyonya, anayetaka aje, awe amepanga au ana nyumba yake. Sitauliza juu ya ukuta. Nitauliza atakula nini, atalala wapi Julai baridi ikishuka, utamfunga kwa saa ngapi, utamwachia nani ukisafiri, na ni lini utampeleka kwa bwana mifugo. Anayechukua jike tutazungumza pia habari ya kumfunga kizazi. Na baada ya mwezi nitapita kwako, bila kukuarifu.