Mnara Pekee Haumfikishi Mzee Mtandaoni

Mei 13, 2023 jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kwa mikoa yenye vijiji vilivyotawanyika kama Singida, hatua hiyo ni msingi muhimu. Hata hivyo, mawimbi kufika kijijini ni jambo moja, na mzee kuyatumia ni jambo jingine.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Aliyekuwa na umri huo wakati wa Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu wakazi 2,008,058 mkoani Singida, alikuwa amekwishapita umri wa kuanza shule Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977. Kwa asiyejua kusoma, hata simu ya kitochi ni fumbo. Aliyezoea Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani hukutana na ujumbe wa Kiswahili au Kiingereza.

Wakati huohuo, huduma zinazomgusa zinahamia kwenye simu. Miongoni mwake ni malipo ya baadhi ya walengwa wa TASAF na taarifa za ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Mzee asiyeweza kusoma ujumbe humkabidhi mjukuu au wakala simu pamoja na namba ya siri. Hapo fedha yake hubaki salama kwa uaminifu wa mtu mwingine tu, huku matapeli wa “tuma kwenye namba hii” wakipata mwanya.

Tanzania haianzi upya katika jambo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikawafuata wananchi vijijini. Vivyo hivyo, mabaraza ya wazee na maafisa maendeleo ya jamii wanaweza kutumia siku za malipo kufundisha mambo matatu: kutunza namba ya siri, kuangalia salio na kutambua ujumbe wa kitapeli.

Sambamba na mafunzo hayo, dirisha la huduma ya ana kwa ana libaki wazi. Mzee asikose haki yake kwa sababu tu hajui kubonyeza simu.